Mbegu safi au chotara? Linganisha haya kabla hujabeba mtoto wa mbwa

Hili swali watu huwa wanaliuliza wakiwa tayari na jibu moyoni. Anayetaka German Shepherd kashamuota German Shepherd wake mpaka jina kampa, na yule anayesema chotara ndo mpango mzima kashasikia mahali kwamba chotara haumwi, sasa wote wanatafuta mtu wa kuwaunga mkono tu. Mi ntaweka pande zote mbili hapa, na pale ninapoegemea ntasema, maana kuegemea naegemea, sifichi.

Tuelewane kwanza nani ni nani. Mbegu safi ni mbwa ambaye wazazi wake, na wazazi wa wazazi wake, wote wameandikwa kwenye daftari moja la hiyo mbegu, na daftari lenyewe limefungwa, kama mama yako hayumo na wewe huingii. Wengi wanadhani haya mambo ni ya kale sana, kumbe wala. Kennel Club ya Uingereza, yani chama kinachotunza hayo madaftari, ilianza 1873, ya Marekani 1884, na German Shepherd mwenyewe ana mwaka wake kabisa, 1899, pale Max von Stephanitz, aliyekuwa afisa wa jeshi Ujerumani, alipomnunua mbwa mmoja akamwita Horand von Grafrath na kumwandika wa kwanza kwenye daftari. Chotara nao wako wa aina mbili na hapa ndo watu wanachanganya madesa: kuna wa kupangwa, yani mtu kampandisha Labrador na Poodle makusudi ili auze watoto, na kuna yule mchanganyiko wa vizazi na vizazi ambaye hakuna anayejua nani alikutana na nani wapi. Hawa wawili hawafanani hata kidogo kwa mambo ya afya.

Kujua kinachokuja

Faida kubwa ya mbegu safi, na kwangu mi ndo faida yake pekee ya uhakika, ni kwamba unajua unaleta nini nyumbani. Mtoto wa Labrador ukimwona ana wiki nane unajua kabisa atafika kilo 30 hivi, manyoya mafupi ila yanapukutika mwaka mzima, maji anayapenda, na kula atakula mpaka akuchoshe. Na hilo la kula usidhani ni malezi tu, mwaka 2016 watafiti wa Cambridge waligundua karibu robo ya Labrador wana jeni moja, inaitwa POMC, imekatika kipande, na mbwa mwenye hiyo hitilafu ubongo wake haupati vizuri ule ujumbe wa kwamba tumbo limejaa, kwa hiyo anakuangalia kwa yale macho ya huruma na kweli anasikia njaa. Border Collie naye lazima achunge kitu, akikosa kondoo atachunga watoto, atawazunguka na kuwabana visigino, na huwezi kumlaumu maana ndo kazi aliyozalishiwa. Beagle akishika harufu huko chini masikio yanaziba, unaita weee mpaka sauti inakauka. Hizi habari zote unazijua kabla hujatoa hata senti, una nafasi ya kukaa ukajiuliza kama maisha yako yanaendana nazo au unajidanganya.

Mtoto wa chotara ni fumbo. Watu wanapenda kuangalia nyayo, eti nyayo kubwa mbwa mkubwa, inasaidia kidogo ila usiiwekee dhamana. Sura nayo inadanganya, na sababu ni hii: mwaka 2009 ilionekana kwamba jeni tatu tu zinatosha kueleza karibu aina zote za manyoya ya mbwa, marefu, ya kujikunja, yenye ndevu na nyusi, sasa jeni tatu kati ya maelfu zikibadilika mbwa anaonekana wa ukoo mwingine kabisa. Ndo maana hata watu wanaoshinda na mbwa kutwa kwenye makazi ya wanyama, wakiambiwa wabahatishe mbegu za chotara kwa macho alafu apimwe DNA, mara nyingi majibu yanapishana vibaya. Kwa hiyo ukiambiwa "huyu ana damu ya Rottweiler" kwa sababu tu ni mweusi na ana madoa ya kahawia juu ya macho, sema asante alafu endelea na mambo yako.

Ila hapa kuna kitu watu wanakisahau. Fumbo la chotara linaisha akishakua. Mbwa wa miaka miwili mwenye damu ya mbegu kumi unamwona mzima mzima alivyo, urefu wake ndo huo, manyoya yake ndo hayo, kama anaogopa wanaume wenye kofia unaliona siku hiyo hiyo, kama anavumilia paka unaweza kujaribu. Yani chotara mtu mzima anatabirika kuliko mtoto wa mbegu safi mwenye karatasi zote, kwa sababu huyu hutabiri, unamwangalia. Na kama shida yako ni "mi nataka kujua napata nini", basi umri wa mbwa unakusaidia kuliko mbegu yake. Ajabu watu wengi wanang'ang'ania mtoto mdogo, wakati mtoto mdogo ndo mwenye mambo mengi yaliyofichika.

Tabia

Hapa mbegu inapewa sifa kubwa kuliko inavyostahili. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti wa zaidi ya mbwa 18,000 wa Marekani, safi na chotara, wenye mbwa wakajaza maswali kuhusu tabia na zaidi ya mbwa 2,000 wakapimwa vinasaba, na ikaonekana mbegu inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Vitu kama kupenda kufuata maelekezo vina uhusiano fulani na mbegu, lakini mbwa kukasirika haraka au kuchokozeka kirahisi, ambacho ndo kitu watu wanakiogopa zaidi, mbegu karibu haisemi kitu. Kwa hiyo "Golden Retriever hang'ati" na "Rottweiler ni mkali" zote ni kauli za kuangalia mara mbili.

Haimaanishi kile nilichosema cha Border Collie ni uongo. Mbegu inakupa mwelekeo wa kundi zima, ukichukua Collie mia utaona wanachunga kuliko Pug mia, ila mmoja mmoja wanatofautiana sana, na wewe unachukua mmoja. Kinachomjenga huyo mmoja kwa kiasi kikubwa ni kile kipindi cha kuanzia wiki ya tatu mpaka kama ya kumi na mbili au kumi na nne hivi, hapo ubongo wake unaamua nini cha kawaida na nini cha kutisha, mtoto aliyekulia bandani bila kuona mtu wala kusikia sufuria ikidondoka anaweza kuwa na ukoo wa mabingwa na bado akawa mwoga maisha yake yote, na mbwa mwoga ndo anayeng'ata. Chotara aliyezaliwa jikoni katikati ya kelele za watoto anamshinda huyo kwa mbali. Swali la "amelelewa wapi mpaka wiki ya nane" mi nalipa uzito kuliko "baba yake nani".

Afya, na hapa ndo tukae

Upande wa chotara una msemo wake maarufu, chotara ni mgumu, haumwi. Upande wa mbegu safi nao wanasema sisi tunapima wazazi, nyie mnabahatisha. Wote wana ukweli wa nusu.

Tatizo la mbegu safi ni lile daftari lililofungwa. Vizazi vikienda bila damu mpya, mbwa wanazidi kuwa ndugu. Watafiti walipopima mbegu 227 kwa vinasaba, matokeo yakatoka 2021, wastani wa undugu ulikuwa karibu asilimia 25, na hiyo asilimia 25 ndo kiwango unachokipata ukimpandisha kaka na dada wa tumbo moja. Sio kwamba kila mfugaji anapandisha kaka na dada, wengi hawafanyi hivyo, ila mbegu nzima imeshakuwa familia moja, hata ukimtafuta dume wa nchi nyingine bado ni binamu.

Mfano unaonishangaza mpaka leo ni wa Dalmatian, wale weupe wenye madoa. Mbwa wa kawaida akishavunja taka fulani mwilini anaigeuza mpaka iwe kitu kinachoyeyuka vizuri kwenye mkojo, Dalmatian anaishia njiani, mkojo wake unakuwa na asidi ya uriki nyingi, inaganda inakuwa mawe, na kwa dume mrija wa mkojo ni mwembamba kwa hiyo jiwe linaziba njia, mbwa anainua mguu, anasimama hivyo, hakitoki kitu, anahama anajaribu kwingine, ikichelewa kufunguliwa anakufa. Na hii hitilafu haikuwa ya baadhi, ilikuwa ya wote, yani kwenye mbegu nzima ile jeni nzima ilikuwa imeshapotea kabisa, kwa hiyo hata ungechagua wazazi kwa makini namna gani usingeipata. Mwaka 1973 Mmarekani mmoja mtaalam wa vinasaba, Robert Schaible, akampandisha Dalmatian na Pointer mara moja tu, alafu watoto akawarudisha kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi akichagua wale wenye jeni nzima, mpaka wakatoka mbwa ambao kwa macho ni Dalmatian kabisa na mkojo wao uko salama. Ungedhani wangepokelewa kwa shangwe. Wapi! Malumbano yakaenda miaka na miaka kwamba hao sio safi, mpaka 2011 ndo daftari la Marekani likawakubali. Tone moja la uchotara liliponya kilichoshindikana kwa usafi, na bado watu walilikataa kwa sababu ya neno safi. Mi hapo ndo huwa sielewi.

Sasa upande wa pili, kabla wapenda chotara hamjaanza kushangilia. Chuo cha UC Davis kule Marekani kilipitia rekodi za zaidi ya mbwa 27,000 kuanzia 1995 mpaka 2010, kikaangalia magonjwa 24 ya kurithi, majibu yakatoka 2013. Magonjwa 10 yalikuwa mengi zaidi kwa mbegu safi, humo kuna kifafa, mtoto wa jicho, tumbo kujaa gesi na kujisokota, na moyo kutanuka. Magonjwa 13 hayakuwa na tofauti, na kati yao kuna saratani kadhaa na hata lile la nyonga kutokaa sawa ambalo kila mtu anadhani ni la German Shepherd peke yake. Na moja, kukatika kwa ukano wa goti, lilikuwa zaidi kwa chotara. Mwaka 2018 tena wakapimwa mbwa zaidi ya 100,000 kwa hitilafu 152 za vinasaba, ikaonekana walio kwenye hatari ya kuugua kweli ni kama asilimia 5 kwa safi na asilimia 2 kwa chotara. Kwa hiyo tofauti ipo, chotara anatangulia, ila sio ile tofauti ya mbingu na ardhi inayotangazwa.

Kwenye kuishi ndo kabisa. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2024, mbwa zaidi ya laki tano na nusu, ulikuta kati kwa kati mbegu safi wanaishi miaka 12.7 na chotara 12.0. Umesoma vizuri, safi wako mbele kidogo. Ila ndani ya hao safi kuna Lancashire Heeler, mbwa mdogo, wa miaka 15 na ushee na kuna majitu makubwa na mbwa wenye nyuso bapa wanaoondoka mapema sana, ukiwachanganya wote kwenye kapu moja unapata namba isiyomsaidia mtu anayechagua mbwa mmoja. Ukubwa wa mwili unasema zaidi, mbwa wadogo kwa kawaida wanaishi zaidi ya wakubwa, awe safi awe chotara.

Na ule ugumu wa mbwa wa mtaani ni kweli ila una siri yake. Wale unaowaona wanakatiza barabara wakiwa wamenona ni waliobaki, wenzao dhaifu walishakufa wakiwa wadogo na hukuwaona. Warusi walilijua hilo, Laika aliyepelekwa angani 1957 alikuwa chotara aliyeokotwa mitaani Moscow, walichukua wa mtaani wakiamini kashazoea baridi na njaa. Lakini chotara aliyezaliwa ndani hajachujwa na mtaa, na chanjo za kichaa cha mbwa na za magonjwa ya virusi kama distemba na parvo anazihitaji sawasawa na mwenzie mwenye cheti. Kirusi cha parvo hakiulizi karatasi.

Nyuso bapa

Hawa nawatenga maana ushauri wangu kwao hauna mizani. Pug, French Bulldog, Bulldog wa Kiingereza. Mwangalie mmoja kwa karibu, shuka mpaka usawa wa uso wake, tundu za pua kwa wengi zimebaki mstari tu, kama mtu kachora kwa kalamu, alafu sikiliza akiwa amekaa tu hajakimbia: ule mkoromo watu wanauona mtamu ni hewa inalazimishwa kupita kwenye koo lililojaa nyama. Wafugaji walifupisha fuvu, nyama za ndani hazikufupika, zikabanana humo humo. Kwenye utafiti mmoja wa Uingereza wa 2010 zaidi ya asilimia 80 ya mimba za French Bulldog na Bulldog zilizaliwa kwa upasuaji. Uholanzi toka 2019 wanasimamia kwamba pua ya mbwa wa kuzalishwa iwe angalau theluthi ya urefu wa kichwa. Norway walienda mpaka mahakamani, Januari 2022 mahakama ya Oslo ikasema kuzalisha Bulldog wa Kiingereza na Cavalier King Charles kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama, rufaa ikawanusuru wa Bulldog, ila kwa Cavalier, ambao shida yao ni moyo na fuvu dogo kuliko ubongo, Mahakama ya Juu ikashikilia hivyo hivyo Oktoba 2023. Mbwa azalishwe mpaka mahakama iingilie kati, hapo mi sina cha kulinganisha, ukitaka sura ya namna hiyo chukua chotara wake mwenye pua ndefu kidogo au achana nayo.

Wale chotara wenye majina matamu

Labradoodle, Cockapoo, Cavapoo na ndugu zao, yani Labrador, Cocker au Cavalier aliyepandishwa na Poodle. Hawa wanauzwa kama mbwa aliyechukua mazuri ya pande zote, sasa nani alimwambia jeni zinachagua mazuri? Habari yao kubwa ilianzia Australia 1989, Wally Conron alikuwa anazalisha mbwa wa kuongoza vipofu, akapata ombi la mwanamke kipofu wa Hawaii ambaye mumewe ana aleji ya mbwa, akapandisha Labrador na Poodle, watoto watatu wakazaliwa, na kati ya hao watatu mmoja tu, Sultan, ndo hakumsumbua yule bwana. Mmoja kati ya watatu! Hiyo sehemu ya hadithi wauzaji huwa wanairuka, na Conron mwenyewe baadae alisema anajuta kuanzisha huo mtindo. Kinacholeta aleji kiko kwenye mate na magamba ya ngozi, manyoya ni usafiri tu, na vumbi la nyumba zenye hao mbwa "wasio na aleji" lilipopimwa halikuwa na tofauti na la nyumba zingine. Kama una aleji kaa na mbwa huyo huyo unayemchukua, masaa, sio dakika kumi, alafu usikilize kifua chako.

Afya nayo hivyo hivyo. Poodle, Labrador na Cocker wote wanaweza kubeba hitilafu ile ile inayoua macho taratibu, sasa ukipandisha wawili wenye kitu kile kile uchotara haujakusaidia chochote. Mwaka 2024 watafiti wa Uingereza waliwalinganisha Cockapoo, Labradoodle na Cavapoo na mbegu za wazazi wao kwa magonjwa 57, na karibu asilimia 87 ya malinganisho hayakuonyesha tofauti. Kwa hiyo hawa uwachukulie kama mbegu safi: wazazi wapimwe, wote wawili. Mfugaji akikujibu "ah hawa ni chotara hawana haja ya vipimo" huyo anakuuzia jina.

Kwa hiyo nani achukue nini

Mtu mwenye kazi maalum, kuchunga, kunusa, kulinda kwa mafunzo ya kweli, mi namwambia achukue mbegu safi bila kujishauri sana, tena kutoka kwenye ukoo unaofanya hiyo kazi, maana kuna koo za maonyesho na koo za kazi ndani ya mbegu moja na hazifanani. Mwenye nafasi ndogo sana anayehitaji uhakika kwamba mbwa hatazidi kilo kadhaa, na anataka mtoto mdogo, naye hivyo hivyo. Hawa wengine wote, yani mtu anayetaka mbwa wa kuwa naye tu, wa kutembea naye jioni, naona chotara aliyekwisha kukua ndo chaguo la kwanza na hakuna hata haja ya kuumiza kichwa.

Ukiamua mbegu safi, kumbuka cheti ni orodha ya mababu. Hakisemi nyonga zikoje. Omba picha za eksrei za nyonga na viwiko vya wazazi kama ni mbegu kubwa, cheti cha moyo kama ni Cavalier au Boxer, macho, na kipimo cha DNA cha yale magonjwa ya mbegu hiyo, Dalmatian apimwe na masikio maana uziwi kwao ni mwingi. Uliza wazazi wana undugu gani. Rangi za ajabu ziogope, hasa ile ya mabaka mabaka inaitwa merle, wakipandishwa merle kwa merle wastani wa robo ya watoto wanapata jeni mbili na hao wako kwenye hatari kubwa ya kutoka viziwi au vipofu, na muuzaji anawaita "adimu".

Alafu uone mama, safi au chotara, kama yupo. Sio picha, mama mwenyewe, akiwa na watoto. Mama anayejificha nyuma ya banda ukifika, au anayetetemeka, kashawafundisha wanawe kitu tayari. Mfugaji akisema mama kasafiri, mama anaumwa, mama yuko kwa shangazi, tukutane njiani nikuletee mtoto, usiende.